Ramani ya simu ikiwapeleka madereva wote njia ya mchepuko, foleni inapungua au inahama?

Mpita Njia
Wakuu, naomba majibu ya wanaoijua kazi hii. Jioni hapa Dar, barabara ya Sam Nujoma ikiwa nyekundu kati ya Mwenge na Ubungo, ramani ya simu huwaingiza madereva Sinza watokee Shekilango. Muda si mrefu Shekilango nayo nyekundu, mitaa ya ndani imejaa magari. Taarifa hizi za papo hapo zinapunguza foleni, au zinaihamisha tu? Na abiria wa daladala anafaidika nini?

Fundi Ramani
Anza na rangi inavyopatikana. Simu zilizo barabarani hutuma mahali zilipo, seva inapiga hesabu ya mwendo wa kila kipande cha barabara na kuulinganisha na mwendo wake wa kawaida. Kwa hiyo unachokiona ni hali ya waliokwisha kupita. Wewe utafika pale dakika kumi baadaye, pamoja na wote waliopewa ushauri uleule.

Dar kuna jambo la ziada: askari wa trafiki. Akizuia upande mmoja kwa dakika nyingi, mbele ya makutano barabara inabaki tupu na ramani inaipaka kijani, kumbe magari yamelundikana nyuma. Makadirio ya muda wa kufika huharibikia hapo, maana programu haijui ataruhusu lini.

Angalia pia wingi wa simu. Kwenye vichochoro simu mbili tatu zinatosha kubadilisha rangi, na bodaboda inayopenya ikihesabiwa kama gari, njia huonekana nyepesi kuliko ilivyo. Kinyume chake kilionekana Berlin: Februari 2020 msanii Simon Weckert alionyesha video akivuta kigari chenye simu 99 barabarani, na Google Maps ikaonyesha foleni ambayo haikuwepo.

Hesabu za Barabara
Mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwa hesabu mwaka 1968 kwamba njia ya ziada inaweza kumchelewesha kila mtu. Mfano unaotumika sana ni huu: magari 4,000, njia mbili. Kila njia ina kipande chembamba ambacho dakika zake ni idadi ya magari gawanya kwa 100, na kipande kipana cha dakika 45 daima. Yakigawanyika nusu kwa nusu, kila mmoja anatumia 20 + 45, yaani dakika 65. Sasa fungua mkato usiochukua muda wowote, unaounganisha vipande viwili vyembamba. Kila dereva anaona nafuu kuupita, wote wanaingia humo, inakuwa 40 + 40 = 80. Anayejitoa peke yake anatumia 85, kwa hiyo hajitoi.

Sinza inaweza kugeuka mkato wa namna hiyo. Mitaa ya ndani ina matuta na magari yaliyoegeshwa, na uwezo wake unaishia pale pa kutokea Shekilango. Mji wa Leonia, New Jersey, ulifikia kufunga mitaa yake ipatayo 60 kwa madereva wasio wakazi, waliokuwa wakiletwa na ramani za simu, saa za msongamano, Januari 2018.

Taarifa inalipa sana barabara inapofungika ghafla. Mvua ikifunga Jangwani, dereva anayejua kabla ya Magomeni anakata Kawawa mapema. Kwa foleni ya kila siku, mchepuko unaookoa dakika tatu kwenye safari ya dakika 40 usiufuate, kosa la makadirio linaweza kuzidi hapo. Tumia ramani kuchagua saa ya kuondoka.

Mpita Njia
Nimeelewa, ahsante. Na daladala? Hazina ratiba.

Kituo cha Mwisho
Hapo ndipo faida ilipo, ndugu, kwa sababu abiria mmoja akijua basi liko wapi hamharibii mwenzake. Seattle, utafiti uliochapishwa 2011 ulikuta wenye taarifa za papo hapo wakisema wanasubiri wastani wa dakika 7.5, wasionazo 9.9.

Kukosa ratiba si kikwazo. Muundo wa GTFS, yaani mpangilio wa pamoja wa kuandika data za ruti na ratiba za mabasi, una faili la frequencies.txt: basi likipita kila dakika 8, unaandika 480 kwenye headway_secs, yaani sekunde kati ya basi na basi. Nairobi ruti za matatu zaidi ya 130 zilichorwa na kutolewa kwa muundo huo mwaka 2014. Kwa taarifa hai, data isasishwe kila sekunde 30, na mahali pa basi pasizidi sekunde 90 za uzee.

Makosa yanayojirudia kwa wanaofunga mifumo hii ni haya. Kifaa cha GPS kikiunganishwa kwenye swichi ya funguo, kinazimika dereva akizima injini kituoni. Kiunganishe kwenye betri kupitia fyuzi, na hakikisha kinakubali volti 12 na 24. Usianze kukadiria basi likiwa bado linasubiri kujaza: weka duara la mita 100 kuzunguka kituo cha kuanzia, hesabu ianze likitoka humo. Makadirio yatokane na muda ambao mabasi mawili matatu yaliyotangulia yametumia kwenye kipande hicho. Na lile linalokatisha ruti liondolewe kwenye ubao mara tu likitoka nje ya mstari. Abiria akisubiri basi hewa mara mbili, hafungui tena programu hiyo.