Magari Yetu Yamelala Juu ya Mtaro

Kikundi cha majirani, Nakuru. Jumatano jioni.

Katibu, 18:05
Habari za jioni, majirani. Kama tulivyokubaliana Jumapili, kila mwenye maoni kuhusu maduka mapya na magari yanayoegeshwa njiani ayaandike hapa leo, kwa sentensi kamili na kwa Kiswahili ambacho hata karani asiyetujua atakielewa, kwa sababu nitayanakili yalivyo katika barua yetu kwa bodi ya jiji. Vichekesho na picha za kutakiana asubuhi njema tuziache hadi kesho.

Mzee wa Reli, 18:12
Asante, Katibu. Nilihamia hapa nilipostaafu, wakati mtaa mzima ulikuwa na duka moja tu, nalo liliuza mafuta ya taa kwa chupa na mkate ambao ulifika saa tatu ukiwa umeshabanwa na masanduku ya soda. Siombi siku hizo zirudi. Ninachosema ni kwamba, tangu mwaka jana, nimehesabu kutoka langoni kwangu hadi barabara kuu vinyozi wawili, duka la dawa, duka la gesi, mahali pa kuoshea magari, duka la vipuri vya pikipiki na duka la pombe, na hakuna hata mmoja wao aliyeacha nafasi ya gari la mteja. Magari yanapanda juu ya nyasi, nyasi zimekufa, na sisi tunameza vumbi. Wengi husema jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Naona tumeamua kulitunza hilo jina.

Mama Pacha, 18:20
Mimi hufanya kazi ya zamu ya usiku hospitalini, kwa hiyo usingizi wangu ni wa mchana, na mchana ndio wakati ambapo pale kwa waosha magari muziki hufunguliwa milango minne kwa pamoja. Hata hivyo nitasema ukweli wote, si nusu yake. Mwezi wa nne mtoto wangu mmoja alipopandwa na homa saa nne usiku, nilitembea hatua mia moja hadi duka la dawa la hapa mtaani nikapata dawa, jambo ambalo miaka mitano iliyopita lingenilazimu kutafuta bodaboda hadi mjini. Kwa hiyo siandiki kwamba maduka yafungwe. Ninachoogopa ni njia: jioni, magari yakiwa yamejipanga pande zote mbili, hata bauza ya maji hupita kwa kukunja vioo vya pembeni, na sijui gari la zimamoto litapita wapi.

Halafu lile duka la pombe hufunguliwa saa sita mchana, ilhali sheria ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ilitaka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na zote zifungwe saa tano usiku.

Katibu, 18:23
Hilo la pombe, Mama Pacha, lina ofisi yake na litapata barua yake. Tukilichanganya na hili, yote mawili yatakaa kwenye faili.

Mwenye Duka la Kona, 18:31
Majirani, naona nimehukumiwa kabla ya kuitwa. Leseni yangu ya biashara imetundikwa ukutani, na yeyote anayetaka kuisoma aje, nitamkaribisha kwa kiti. Biashara kubwa za nchi hii zilianzia katika vijiduka vya huku kwetu: Nakumatt ilikuwa duka la magodoro la Nakuru, ndiyo maana ya jina lenyewe, na Naivas ilianza pale Rongai kama duka dogo la kujihudumia. Hakuna aliyezaliwa akiwa supamaketi. Na wengi wenu mnaosoma hapa mna ukurasa katika daftari langu la madeni, ambalo supamaketi haiwezi kuwafungulia hata mkipiga magoti.

Sasa nije kwenye magari. Jumatatu nilihesabu wateja tangu nilipofungua hadi saa sita mchana. Walikuwa sitini na wanne, na waliokuja kwa gari walikuwa watatu tu. Waliobaki walikuja kwa miguu, wengi wakiwa na malapa. Lakini ninapopokea mkate saa kumi na moja alfajiri, kabla sijauza hata kiberiti, mbele ya duka huwa tayari kuna magari sita au saba, na vioo vyake vimejaa umande. Gari lenye umande halikuja kununua maziwa. Limelala pale. Ningependa kikundi kiniambie ni la nani.

Mzee wa Reli, 18:34
Hilo la umande sikuwa nimelifikiria.

Mpangaji wa Orofa ya Tatu, 18:47
Nimeandika nikafuta mara mbili, lakini heri niseme. Gari moja kati ya hayo ni langu. Nilipoingia katika jengo letu, orofa ya chini ilikuwa wazi, yenye nguzo na mistari ya rangi nyeupe, na mwenye nyumba mwenyewe alinionyesha nafasi yangu kwa kidole na kunieleza kuwa kodi imejumlisha maegesho. Baada ya mwaka mmoja mafundi walikuja wakajenga kuta za matofali kati ya nguzo, wakaweka milango ya chuma ya kukunja, na sasa pale nilipokuwa nikiegesha pana kinyozi. Ananyoa vizuri, sina ugomvi naye, na yeye pia analipa kodi. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba anayeona hapamfai anajua lango lilipo. Kodi haikushuka hata shilingi. Tangu hapo, nikitoka kazini saa tatu usiku, huzunguka mtaa huu kama mtu aliyepoteza mbuzi, na mwisho wake huacha gari mbele ya duka la kona kwa sababu pana taa.

Mwenye Duka la Kona, 18:49
Taa hiyo naiwasha kwa stima yangu, dada. Lakini endelea kuegesha, usiku huwa sina neno.

Fundi wa Ramani, 19:04
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa njiani. Kwa vile kazi yangu ni kuchora majengo, naomba nieleze lililotokea hapo kwa jina lake la kisheria. Jengo la ghorofa huidhinishwa kwa mchoro, na mchoro huo huonyesha mahali pa kuegesha ndani ya ploti yenyewe. Anayeziba maegesho na kuyageuza maduka amebadilisha matumizi ya sehemu ya jengo, na chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 badiliko kama hilo linahitaji kibali kipya cha kaunti, pamoja na tangazo kwa umma ili wenye pingamizi walete pingamizi zao. Mimi hupita hapo kila siku na sijaona tangazo lolote. Anayejua lilibandikwa wapi atuambie.

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, kila mwenye ploti huku pembeni amekuwa akipiga hesabu, na hesabu hiyo inaeleweka: gari lililosimama chini ya nyumba halileti kitu mwisho wa mwezi, lakini duka linaleta. Mzigo wa faida hiyo umesukumwa nje ya ukuta, ukaangukia barabara ambayo ni yetu sote. Kwa hiyo tusiandike kwamba maduka yamejaa. Tuombe jambo moja: ofisi ya mipango ilete michoro iliyoidhinishwa, ilinganishe na kilichojengwa, jengo kwa jengo.

Baba Watatu, 19:10
Kwa nini tusiweke kizuizi pale mwanzo wa njia, tuajiri askari, na kila gari la mgeni lilipe? Tungepata hata pesa za kununua taa.

Fundi wa Ramani, 19:13
Barabara hii ni ya umma, Baba Watatu. Maegesho na leseni za biashara ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na sisi tukianza kutoza ada tutakuwa tumefanya kosa lile lile la kujitwalia kilicho cha wote.

Mzee wa Reli, 19:26
Fundi amesema vyema, lakini barua isisahau mtaro, kwa maana gari huondoka asubuhi, ila udongo hauondoki. Mji huu umekaa kwenye mteremko, Menengai juu na ziwa chini, na mvua ikinyesha huko juu maji hayana njia nyingine ila kupita katikati yetu. Mtaro wa njia yetu ulichimbwa kwa sababu hiyo. Kila duka lililofunguliwa lilijaza kifusi kwenye mtaro ili wateja wavuke, kila gari lililopanda juu ya kingo zake lilibomoa kingo, na mwezi wa nne maji yalipofika kwenye kifusi cha kwanza yaligeuka yakaingia sebuleni kwa Mama Pacha. Niliyaona kwa macho yangu yakibeba kandambili za watoto. Na tusidhani yanayopita salama yanapotea hewani: makopo, mafuta ya magari na sabuni ya waosha magari vyote hushuka kuelekea Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Kinachoingia hukaa.

Mama Pacha, 19:29
Zulia lile sikulipata tena, Mzee.

Mwenye Duka la Kona, 19:38
Kifusi cha kwanza ni changu. Nilikimwaga nilipofungua, ili mkokoteni wa soda uweze kuvuka, na nilidhani maji yangepenya. Hayakupenya. Mama Pacha, nisamehe. Jumamosi nitakitoa na kuweka kalvati, saruji ninayo, na nikipata vijana wawili kazi itakwisha kabla ya saa sita. Ila naomba wenzangu wa upande wa juu nao wafanye hivyo, kwa sababu kalvati moja katikati ya vifusi vitano ni pambo tu.

Mama Pacha, 19:41
Nimekusamehe. Chai ya vijana itatoka kwangu.

Katibu, 19:50
Barua itaomba mambo mawili: michoro ilinganishwe na majengo, na mtaro uzibuliwe kabla ya mvua za vuli. Fundi na Mzee, naomba mpime upana wa njia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla magari hayajaondoka, ili tuandike upana uliobaki na si ule wa kwenye ramani. Tunahitaji pia picha.

Mpangaji wa Orofa ya Tatu, 19:53
Picha nitapiga mimi, kukiwa bado na umande. Nitaanza na gari langu.

Mzee wa Reli, 19:58
Binti, upige na lile jeupe lililo karibu na lango langu. Ni la mwanangu. Kila akija Ijumaa huliacha juu ya mtaro, nami nimekuwa nikinyamaza.

Katibu, 20:01
Mzee, hilo nalo nilinakili?

Mzee wa Reli, 20:02
Linakili.