Spina akipigwa sita, ghafla mnaanza kumuuliza kwao wapi!

Wakuu, leo nina hasira, adabu nimeiacha nyumbani. Nazungumzia kriketi: spina ni mrushaji anayeuzungusha mpira, na sita ni mpira kupigwa ukavuka mpaka bila kugusa chini, mikimbio (alama) sita. Mtanisamehe.

Juni 2024, Kombe la Dunia la T20, ile kriketi ya mechi fupi, Uganda na Papua New Guinea kule Guyana. Huku kwetu Mombasa ni saa nane na nusu usiku. Tuko wanne barazani, simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, anarusha ova 4, yaani mipira 24, anatoa mikimbio 4 tu, wiketi 2, yaani kawatoa wapigaji 2. Tulipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. Lakini mpira ukiwa mkononi mwa Alpesh Ramjani, spina mwenzake, jezi ileile, bendera ileile, jamaa yetu mmoja anacheka: "Huyu si wa Mumbai huyu? Hii Uganda gani?"

Siku ile nilimeza. Juzi kalirudia tena, sasa simezi.

Kwanza, sheria ya ICC, baraza la kriketi la dunia, ya nani achezee nchi gani haina siri: umezaliwa nchi hiyo, au una uraia wake, au umekaa humo miaka 3. Basi. Kifungu cha jina la baba hakimo, nimekitafuta.

Pili, mbona swali hili linamfuata spina zaidi? Mimi nina jibu langu. Mrusha kasi akichapwa, mnasema leo mkono umechoka. Spina anarusha taratibu, mpira unaelea hewani kila mtu anauona, ukienda sita inaonekana kama kautoa zawadi. Jina likiwa la asili ya India au Pakistan, kama Patel au Bashir, tayari mmeshapata msaliti.

Ben Stokes kazaliwa Christchurch, New Zealand, na ndiye nahodha wa Uingereza katika Testi, zile mechi ndefu za siku tano. Nani kati yenu amewahi kumwambia arudi kwao? Sasa mtazameni Shoaib Bashir, spina wa Uingereza, kijana wa Surrey, mzaliwa wa hukohuko Uingereza, asili ya wazazi Pakistan. Januari 2024 timu inakwenda India, yeye viza yake haitoki. Wenzake wanacheza Testi ya kwanza Hyderabad, yeye karudishwa London kuhangaikia karatasi. Akacheza Testi ya pili, na wiketi yake ya kwanza ikawa ya Rohit Sharma, nahodha wa India wakati ule. Mtu huyo bado mnataka athibitishe moyo wake uko wapi? Huo ni ule upuuzi wa Norman Tebbit, mwanasiasa wa Uingereza, wa 1990, kuwapima wahamiaji kwa timu wanayoishangilia.

Na inayoniuma kuliko zote ni ya Ajaz Patel, spina wa New Zealand. Kazaliwa Mumbai, kahamia New Zealand akiwa na miaka 8. Desemba 2021 karudi Mumbai, uwanja wa Wankhede, kachukua wiketi ZOTE 10 za India katika awamu moja, yaani zamu moja ya timu kupiga, kwa mikimbio 119. Katika historia nzima ya Testi walikuwa wamefanya hivyo wawili tu, Jim Laker na Anil Kumble. Kafanya hivyo ndani ya mji uliomzaa! Mnajua alilipwa nini? Kikosi kilichofuata, cha kucheza na Bangladesh nyumbani New Zealand, hakumo. Eti viwanja vya kule si vya spina. Sawa, nyasi ni nyasi, kocha ana hesabu zake, nakubali kwa shingo upande. Ila mtu unamwita ugenini, nyumbani unamweka benchi, halafu anayedaiwa uaminifu ni yeye? Wewe mchaguzi wako je?

Tena mnaosema haya ni watu wa Mombasa, mji wa Aasif Karim, spina wa Kenya! Durban, Kombe la Dunia, 15 Machi 2003, mzee ana miaka 39, alishastaafu akaombwa arudi. Ova 8 na mipira 2, mikimbio 7, wiketi 3, mbele ya Australia mabingwa wa dunia. Tulishindwa mechi ile, lakini mchezaji bora alikuwa yeye. Siku hiyo sikusikia mtu akitaja Uhindi. Alikuwa Karim wetu, mtoto wa Mombasa, na wewe uliyemcheka Ramjani ulikuwa unaruka kuliko sisi sote.

Kesho jioni niko barazani. Njoo uniambie Karim alipomtoa Ponting, nahodha wa Australia, ulikuwa unamshangilia nani. Na chai unanunua wewe.