Frankfurt mpaka Dubrovnik na kurudi kupitia Italia, tuko na Mama: gari letu, la kukodi au treni?

BabaSalha
Wadau habari zenu. Naomba mawazo maana mimi na wife tumebishana wiki ya pili hii. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa saba, viza ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ameshapata ila ni ya kuingia mara moja tu. Nilimuahidi tangu marehemu mzee yuko hai kwamba siku akija nitamzungusha, kwahiyo hii safari kwangu sio ya kukosa. Tunakaa karibu na Frankfurt, tuko watano: mimi, wife, watoto wawili (miaka 4 na 7) na Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua. Likizo ni siku 16. Ramani niliyochora ni Munich, Austria, Ljubljana, pwani ya Kroatia mpaka Dubrovnik, alafu tunarudi kwa Italia na Uswisi.

Sasa gari letu ni Golf ya 2011, kilomita 210,000, haijawahi kuniangusha lakini ni nzee. La kukodi la siti saba nimeambiwa yuro 1,350 kwa siku zote 16. Wife yeye anataka treni, anasema barabarani nitachoka na nikichoka ninakuwa mkali. Nyie mngechagua lipi?

Masafa_Marefu
Mkuu, mimi kazi yangu ni kuendesha van huku Bavaria, hio njia naijua kama mtu anavyojua njia ya kwao. Kutoka kwako mpaka Split ni kama kilomita 1,200, yaani Dar Mwanza hivi, usiigawe chini ya siku tatu ukiwa na mzee na watoto. Ujerumani hulipii barabara. Austria unanunua stika, wenyewe wanaiita Vignette, siku hizi ni ya mtandaoni wanasajili namba ya gari, ya siku 10 ni kama yuro 12 na senti, nunua kwa ASFINAG wenyewe, shirika la barabara kuu za Austria, maana kuna mawakala wengi mtandaoni wanaongeza cha juu. Wengi wanadhani wakishakuwa na stika wamemaliza, kumbe kwa njia yako kuna sehemu mbili stika haifanyi kazi, milima ya Tauern unalipa peke yake na handaki la Karawanken la kuingia Slovenia unalipa tena. Ukifika Slovenia stika nyingine, ya wiki yuro 16. Kroatia hakuna stika, unachukua tiketi getini unalipa unapotoka, Zagreb mpaka Split weka kama yuro 25 mfukoni.

Kuhusu gari, Golf inafika. Kabla ya safari badilisha oil, angalia mkanda na maji ya kupoza injini maana Tauern kipindi cha joto na foleni ndio panachemsha magari mazee. Na jiunge ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, ile Plus, ndio inayokubeba mpaka nje ya Ujerumani gari likigoma.

Tena usiondoke Jumamosi!! Jumamosi za mwezi wa saba na wa nane nusu ya Ujerumani iko kwenye hio barabara. Ondoka Jumanne.

Mpanda_Reli
Mimi ni mtu wa treni na nimezunguka sana kwa Interrail, ile pasi moja ya kupandia treni za Ulaya, watoto chini ya miaka 12 wanasafiri bure, mtu mzima mmoja na watoto mpaka wawili, wanaoishi Ulaya wanakata hio na Mama kwa vile anaishi Tanzania atakata Eurail, pasi kama hio ya wageni, kwahiyo kwa hela sio mbaya. Lakini kwa ramani yako nakuambia ukweli, Dubrovnik hakuna reli kabisa. Utashuka Split utafute basi, na mabegi, na hayo magoti. Treni za kasi za Italia nazo pasi peke yake haitoshi, unalipia nafasi ya kukaa. Ingekuwa Paris, Zurich, Milano ningekupigania treni mpaka asubuhi. Hii hapana.

Mgosi_wa_Kaunasi
Nimesoma mpaka "kuingia mara moja" nikasimama. Bro hapo ndipo pa kuangalia kuliko oil na stika. Kroatia imeingia Schengen tarehe 1 Januari 2023 kwahiyo yenyewe haina shida, Uswisi pia iko ndani ingawa sio Umoja wa Ulaya. Shida ni kwamba ukitoka Split kwenda Dubrovnik, barabara ya zamani inakatiza Bosnia, mji unaitwa Neum, ni kipande kidogo sana cha pwani yao unakimaliza kwa dakika chache, lakini Bosnia sio Schengen. Mama akisajiliwa pale kuwa ametoka, viza yake imekufa. Upande wa pili yuko Kroatia tena na hawezi kuingia. Wewe na wife mna vibali vya kuishi Ujerumani mtapita, yeye atabaki.

Dawa yake ipo. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, kilomita 2.4, linaruka bahari linakuacha ndani ya Kroatia mwanzo mwisho, bure hulipi kitu. Ila ramani ya simu inaweza kukupeleka Neum kama inaona ni karibu zaidi, kwahiyo weka Pelješac kama kituo, usiandike Dubrovnik tu ukalala usingizi. Na hapo Dubrovnik mtu akikuambia twende Mostar au Kotor ni hapo tu, kataa. Mostar ni Bosnia, Kotor ni Montenegro, zote ziko nje.

BabaSalha
Mgosi nimekaa chini. Kweli tena Kotor ilikuwa kwenye ramani yangu, wife aliona picha. Naifuta leo leo. Ningekuja kumwambia nini Mama.

NuruYaMombasa
Ndugu yangu pole na maandalizi. Mimi niko Milano mwaka wa tisa. Yangu ni kuhusu Italia kwa sababu wageni wangu wote huumia hapo hapo. Miji mingi ya zamani katikati pana eneo linaitwa ZTL, kibao cheupe chenye duara jekundu, gari lisilo na ruhusa haliingii na hakuna askari wa kukusimamisha, ni kamera. Mimi mwenyewe kabla sijaelewa nilikuwa na gari la kukodi, nikaingia nikitafuta hoteli, nikapotea nikazunguka nikaingia tena. Miezi ikapita, nikakatwa hela kwa kadi na kampuni ya gari kwa kazi ya kutaja jina langu tu, alafu faini zenyewe zikaja nyuma yake, mbili, kwa sababu niliingia mara mbili. Nililia. Egesheni nje ya mji muingie kwa basi.

Na kukodi si kubaya lakini uwaambie waziwazi nchi zote utakazopita, Kroatia na Slovenia uzitaje, na wakuandikie kwa karatasi. Usipowaambia bima inaweza kukuruka.

Mama_Wawili_Wien
Jamani mbona mnamuongelesha gari tu, muongeleeni Mama. Mimi nilimzungusha mama mkwe msimu uliopita kutoka Vienna hadi Venice. Kitu kilichotusaidia ni kusimama kila saa na nusu, anashuka anatembea kidogo ananyoosha miguu, chupa ya chai ya tangawizi na maandazi kwenye buti, na vyumba vya chini au vyenye lifti. Dubrovnik mji wa kale ni ngazi tupu na mawe yanateleza, msimlazimishe kupanda juu ya ukuta wa mji, akae Stradun, ile barabara kuu ya mji wa kale, anywe kitu aangalie watu. Yeye wangu alipoona bahari alivua viatu akaingia mpaka magotini na kanga yake, akakaa kimya muda mrefu, akasema "kumbe na huku ina chumvi". Hio picha nimeifanya kubwa iko sebuleni.

Alafu BabaSalha, dereva ni wewe peke yako? Wife ana leseni ya wapi?

BabaSalha
Ana ya Bongo dada. Amehamia mwaka jana.

Mama_Wawili_Wien
Basi hio leseni Ujerumani ilitambuliwa miezi 6 tu tangu ahamie. Asiguse usukani, bima inaweza kuwakataa. Panga safari ya dereva mmoja.

Masafa_Marefu
Kama ni dereva mmoja, basi usirudi kwa barabara kuzunguka Trieste. Pale Split kuna feri ya usiku inavuka mpaka Ancona Italia, gari linaingia ndani, nyinyi mnachukua kabini mnalala, asubuhi mko Italia. Kuzunguka kwa lami ni kilomita mia tisa na kitu. Mama naye atapata safari ya meli, mtu wa Tanga huyo hatanuna.

Kurudi toka Milano pita Gotthard, handaki karibu kilomita 17, Mama utamuandaa mapema kama anaogopa giza. Stika ya Uswisi ni moja tu, ya mwaka, faranga 40, na imefungwa na namba ya gari, kwahiyo ukikodi hio hela unairudisha na gari la watu. Tochi za kupima mwendo za Uswisi usizijaribu hata kidogo. Simu nazo zima data ukivuka, Uswisi iko nje ya ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kutumia simu nchi nyingine bila kulipa zaidi.

Mgosi_wa_Kaunasi
Na pasipoti zote mkononi sio kwenye begi la chini. Ni Schengen ndio lakini Slovenia, Italia na Ujerumani wamerudisha ukaguzi mipakani, wanaweza kukusimamisha.

BabaSalha
Nawashukuru sana. Leo nimeshuka chini na futi. Golf nyuma nikifunga viti vyote viwili vya watoto, katikati zinabaki sentimita 34. Nimemuita wife akae pale, amekaa dakika kumi akaniambia "Mama haketi hapa". Tumekodi la siti saba, nchi zote sita zimeandikwa kwenye mkataba, tunaondoka Jumanne, Kotor imefutwa, feri nakata kesho asubuhi kabini ya vitanda vinne na nyingine ya Mama na Salha, kwa sababu Salha ameshasema analala na bibi yake.