Mtoto kagongwa na chukudu kifuani: kuna kipimo cha damu cha pafu?

BabaDeo_Majengo
Bandugu, naomba ushauri. Jana asubuhi chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) iliyojaa makala, yaani makaa, ilikuwa inateremka, breki yake ya kipande cha tairi ikakataa, usukani ukampiga mtoto wangu wa miaka 4 kifuani. Kituo tulichokimbilia wakapiga radio (picha ya eksirei) saa hiyo hiyo: mbavu nzima, mrudishe nyumbani. Sasa anahema juujuu na anakohoa. Nimesoma kuna protini za damu, CC16 na SP-D, zinaonyesha pafu lililoumia. Labo tatu za hapa wamenikodolea macho tu. Nivuke mpaka niende Gisenyi, Rwanda, nikatafute? Pesa niliyo nayo ni ya safari moja.

MamaMapacha
Pole baba Deo. Wangu nilimfunga kitenge kifuani, nikakaza, akatulia.

Mulabo_Birere
Mama, kwa heshima, hapo hapana! Kifua kikibanwa mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu wala kutoa makohozi.

Baba Deo, usivuke. Hizo protini ni za kweli. CC16 inatengenezwa kwenye vijia vidogo vya hewa, SP-D kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya pafu. Ukuta ukichanika zinavujia kwenye damu. Lakini CC16 ni ndogo, figo zinaichuja upesi, kwa hiyo ukichelewa inaweza kuwa imeshashuka. Na figo zikiwa mbovu inapanda bila mtoto kugongwa popote. SP-D nayo inapanda hata kwa nimonia. Kwa watoto hakuna namba waliyokubaliana kwamba hapa ndipo pafu limeumia. Watafiti wanazipima, daktari wa zamu hazimsaidii kuamua usiku huu.

InfirmyeKatindo
Naongeza. Mbavu za miaka 4 ni laini, zinapinda bila kuvunjika, kishindo chote kinaishia kwenye pafu. "Mbavu nzima" isikutulize. Tena radio ya saa za kwanza inaweza kutoka safi kabisa; damu na maji vinaendelea kujaa pafuni, na hali huwa mbaya zaidi kati ya saa 24 na 48. Uko humo humo sasa.

Mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima, usikadirie. Ngapi?

BabaDeo_Majengo
52. Na chini ya mbavu panaingia ndani kila akivuta.

InfirmyeKatindo
Umri huo 40 tayari ni nyingi. Acha simu, chukua moto (pikipiki), hospitali kubwa. Waambie wabane kidole wapime oksijeni, wapige radio ya pili, na tumbo waliangalie pia, maana ini na bandama viko jirani.

BabaDeo_Majengo
Tumefika. Oksijeni ilikuwa asilimia 88, wamemwekea mrija puani. Radio ya pili ina wingu jeupe upande wa kulia, ya jana hapo palikuwa peusi tupu. Tumbo ni salama.

MamaMapacha
Mungu wangu. Kile kitenge nafuta maneno yangu.

BabaDeo_Majengo
Siku ya nne. Amefikia 96 bila mrija. Anauliza nani alichukua makala.