Mashine inaandika kwa dakika mbili, mimi nakagua kwa nusu saa, na lawama zote ni zangu

Ndugu zangu, assalaam alaykum.

Huu ni mwaka wangu wa 14 katika kampuni moja ya kuhudumia wageni hapa mjini Unguja. Jina lake silitaji, wala siitaji programu tunayotumia, kwa sababu nina watoto wawili skuli na mshahara bado nauhitaji. Kazi yangu ni ya kuandika: barua za wageni na za mahoteli, muhtasari wa vikao, ankara, na ratiba za madereva wa Unguja na wa Pemba. Mwezi wa Februari mkurugenzi wetu alirudi safari akiwa ameshanunua leseni za msaidizi wa akili mnemba, yule anayeingizwa ndani ya programu za kawaida za ofisi ili akuandikie barua, akufupishie kikao na akupangie jedwali la hesabu. Tulikusanywa, tukaoneshwa namna barua ya ukurasa mzima inavyotoka kabla hujameza funda la chai, na siku ileile tukaambiwa kwamba kuanzia wiki inayofuata kila mwenye leseni atatakiwa kutoa kazi mara tatu ya ile aliyokuwa akitoa. Mwenzangu tuliyekuwa tukigawana naye barua alihamishiwa mapokezi.

Nianze na kikao cha Jumatatu, maana hicho ndicho kilichonifikisha hapa. Tunakifanya kwa video pamoja na wenzetu wa Chake Chake. Zamani nilikuwa nikikaa na daftari langu, na kabla ya adhuhuri muhtasari umeshafika mezani. Sasa mashine ndiyo inayosikiliza, na inatoa muhtasari kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo mkurugenzi anavyopenda kusoma, yeye mwenyewe akiwa mara nyingi hahudhurii. Katika kikao kimoja cha mwezi wa Mei, dereva wetu wa siku nyingi kule Pemba, mtu mzima ambaye sote tunamwita Mzee, alieleza kwamba wageni watashuka bandari ya Mkoani mtondo na kwamba magari mawili yatakuwa tayari. Asiyejua na ajue: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Mtoto mdogo wa Wete hahitaji kufafanuliwa hilo. Mashine ikaandika kwamba wageni watapokelewa Mkoani na Bwana Mtondo, akiwa na magari mawili. Siku ya kufika haikutajwa popote, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa imeshageuzwa mtu.

Jumanne asubuhi nikaitwa na mkurugenzi kuulizwa huyo Mtondo ni nani, nani aliyemwajiri, na kwa nini hayumo katika orodha ya mishahara. Nilipomweleza alicheka sana, nami nikacheka kwa adabu, kisha akaniambia kwamba ningeusoma muhtasari kabla ya kuutuma. Muhtasari ule sikuutuma mimi. Unajituma wenyewe kwa watu wote dakika chache baada ya kikao kumalizika, kwa mpangilio alioagiza yeye.

Hilo la Mtondo lilikuwa la kuchekesha. La saa halikumchekesha mtu. Niliielekeza programu, kwa Kiswahili, iwaandikie wageni wetu waliokuwa Nungwi kwamba gari litawafuata saa nne asubuhi, nayo ikaandika barua nzuri ya Kiingereza, yenye heshima zote, ikiwaeleza wawe tayari saa 4:00 alfajiri. Siku hiyo nilikuwa na barua 31 za kutoka, badala ya kumi nilizozoea, na hiyo nikaipitisha kwa jicho la haraka. Saa kumi na nusu, hata adhana ya alfajiri haijasikika, simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa hoteli. "Bwana, una wageni wako hapa getini, mume na mke, watu wazima, wamekaa juu ya mabegi yao gizani. Wanauliza gari." Gari lilikuwa Mwanakwerekwe na dereva wake amelala, kama alivyostahiki kulala, kwa sababu yeye aliambiwa saa nne na akaelewa saa nne. Kwetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza, wala si siri iliyofichwa. Imo katika kila kitabu cha kumfundisha mgeni Kiswahili. Nilipoisahihisha mashine iliomba radhi kwa maneno matamu kuliko ya bwana harusi, na wiki iliyofuata ikarudia kosa lilelile, safari hii kwa saa tatu. Mimi nikapewa barua ya onyo, kwa sababu jina lililo chini ya ile barua ya wageni ni langu.

Naomba nisieleweke kuwa napinga kila kipya. Nimehama kutoka taipureta ya umeme kwenda kompyuta, kutoka faksi kwenda barua pepe, na sikulalamika popote. Hata msaidizi huyu ana kazi anazozifanya vizuri: akipewa barua ndefu ya mgeni wa Kitaliano ananipa maana yake papo hapo, na akiulizwa mkataba fulani wa miaka mitatu nyuma umo faili gani, huutafuta akauona kabla sijasimama kitini. Kwa hayo namshukuru, ingawa siku mtandao ukikatika haambiliki lolote. Ninacholalamikia ni hesabu. Kwa wiki mbili niliandika katika daftari muda wa kila barua ya kujibu malalamiko ya mgeni. Zamani barua kama hiyo ilinichukua dakika 25 tangu kusoma mpaka kutuma. Sasa mashine huiandika kwa dakika mbili, halafu mimi hutumia nusu saa kuhakikisha kwamba bei ni yetu, tarehe ni ya kweli, hoteli iliyotajwa ipo, na ahadi iliyotolewa inatekelezeka, kwa sababu inapenda mno kuahidi marejesho ya fedha ambayo hakuna aliyeyaidhinisha. Nilipompelekea mkurugenzi daftari hilo, alinigeuzia kompyuta yake akanionesha mchoro wa rangi ya kijani unaopanda, unaohesabu barua zilizoundwa. Muda wa kukagua haumo katika mchoro ule.

Wala si mimi peke yangu ninayedanganywa na kasi hii. Julai 2025 taasisi ya Marekani iitwayo METR ilichapisha utafiti wa waandishi 16 wa programu za kompyuta, watu wenye uzoefu mkubwa katika kazi yao. Walipofanya kazi kwa msaada wa akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na walipoulizwa baada ya hapo, wao wenyewe waliamini kwamba wameharakishwa kwa asilimia 20. Wale ni waandishi wa programu, si makarani wa barua, na idadi yao ni ndogo, kwa hiyo sisemi kwamba ndivyo ilivyo kila pahali. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuchelewa na huku anajihisi anakimbia, na kwamba mkurugenzi anayetazama mchoro wa kijani anaweza kujihisi hivyo kuliko sote.

Kwenye hesabu za fedha ndiko ninakoogopa zaidi. Ankara moja ya kundi la wageni ilitoka na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani ya Tanzania Bara, wakati sisi huku tunatoza asilimia 15. Mashine ilisoma "Tanzania" ikatosheka. Barua nyingine iliwahakikishia wageni kwamba hakuna malipo mengine ya kuingia Zanzibar zaidi ya viza, ilhali tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa awe na bima ya safari ya hapa, dola 44 kwa mtu mzima. Makosa yote mawili niliyakamata, alhamdulillahi, lakini niliyakamata kwa sababu nayajua. Kijana aliyeanza kazi jana angeyajulia wapi? Na watengenezaji wenyewe hawafichi. Microsoft ilipoleta fomula ya akili mnemba ndani ya Excel, Agosti 2025, ilitahadharisha kwamba isitumiwe katika kazi inayohitaji usahihi. Sasa nani amewahi kupeleka hesabu za kodi zisizohitaji usahihi?

Kuna la lugha, na hili linaniuma kwa namna ya peke yake. Tuna mzee mmoja wa Makunduchi tunayekodi kwake magari, maalim mstaafu, mtu wa kuandikiwa kwa adabu. Alipelekewa barua inayoanza kwa "Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa vyema", haina hata salamu, na inayomalizika kwa "Tafadhali jisikie huru kuwasiliana nasi". Alinipigia simu. "Mwanangu, mimi nijisikie huru, kwani nilikuwa nimefungwa?" Nilikosa la kumjibu. Lahaja ya mji huu ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na leo mimi, mtoto wa Kikwajuni, napigiwa mstari mwekundu chini ya maneno ya bibi yangu na kupendekezewa Kiingereza kilichovishwa kanzu.

La faragha nalieleza kwa ufupi kwa kuwa si langu. Kabla ya kikao kimoja kuanza, dada mmoja wa uhasibu alimnong'oneza jirani yake habari za maradhi ya mama yake na mkopo aliotaka kuuomba. Kinasa sauti kilikuwa kimeshawashwa. Habari hizo zikatoka katika muhtasari, chini ya "mambo mengineyo", zikawafikia watu wote wa Unguja na Pemba. Siku ya pili hakuja kazini. Na wapo wenzetu ambao, ili kuwahi, hupakia orodha za pasipoti za wageni katika programu za bure za kwenye simu zao. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini katika mafunzo yetu ya saa moja haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Ninachotaka wenye maofisi wakisikie ni hiki. Huko Kanada, abiria mmoja alipotoshwa na msaidizi wa mtandaoni wa Air Canada kuhusu nauli ya msiba, yaani ile inayopunguzwa kwa msafiri aliyefiwa. Shirika likajitetea kana kwamba mashine ile ni mtu mwingine anayejibebea dhamana yake, na Februari 2024 baraza la kuamua migogoro la British Columbia likaukataa utetezi huo na kuliamuru shirika lilipe. Kabla ya hapo, Juni 2023, Mahkama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka hukumu zilizobuniwa na mashine, na jaji hakusema kuitumia ni kosa. Alisema wajibu wa kuhakiki ni wao. Sawa, nakubali, aliyetia saini ndiye anayejibu. Lakini wakili yule hakuna aliyemwamuru apeleke kesi tatu kwa muda wa moja. Mimi naamriwa nitie saini nyingi kuliko ninazoweza kuzisoma, kisha naulizwa kwa nini sikusoma.

Kwa hiyo nimeandika rasmi, kwa mkono wangu, bila msaada wa mtu wala kitu, nikiomba muda wa kukagua uhesabiwe kuwa ni kazi, muhtasari usijitume mpaka binadamu aliyekuwepo auidhinishe, kinasa sauti kiwashwe baada ya watu kuridhia, na ankara zirudi katika fomula zetu za zamani ambazo hazijawahi kutukosesha. Nimeomba pia ile barua ya onyo iondolewe katika faili langu. Ni wiki ya tatu leo na sijajibiwa. Mwenye ofisi iliyokwisha kupita hapa, hasa mahotelini na katika uwakala wa forodha, tafadhali anieleze wao walikubaliana vipi na wakubwa wao.

Jibu pekee nililolipata ni agizo la jumla lililotolewa Jumatatu hii: kuanzia sasa kila mtu kikaoni azungumze polepole, ataje siku kwa jina lake na saa kwa hesabu ya Kizungu, ili mashine ielewe. Ilipofika zamu ya Pemba, Mzee alinyamaza kidogo, akakohoa, halafu akasema neno moja moja kama anayemsomesha mtoto: "Wageni sita. Wanashuka Mkoani Alhamisi, yaani mtondo. Saa kumi kamili za Kizungu." Tuliokuwepo tulitazamana tukanyamaza. Muhtasari ulipoingia, Bwana Mtondo alikuwa amepangiwa wageni sita.