Faini ya dawa za mama, na huku anataka kwenda kufunga Tanga (wenye uzoefu na FP92A, ile fomu ya England ya kuombea cheti cha msamaha wa kulipia dawa)

Binti Makorora, Leicester

Assalaam alaykum wanakikundi wa Tanga mlio ughaibuni, wakubwa shikamooni. Leo imeingia barua kwa jina la mama inamdai faini ya pauni 100 juu ya bei ya dawa zenyewe, eti amechukua dawa bure na hana msamaha. Dawa hizo ni za kuzuia kuharisha na krimu ya miguu, kaandikiwa na GP, daktari wa mtaa, maana mama anameza vidonge vya kemo, kapesitabini, ana saratani ya utumbo mpana. Dada wa mapokezi alishatuambia mgonjwa wa saratani halipi, basi famasi wakatuuliza tukatia tiki tukasaini, kumbe mpaka uwe na cheti mkononi. FP92A tumejaza juzijuzi, cheti kimekuja, ila tarehe yake imerudishwa nyuma mwezi mmoja tu na dawa za faini zilichukuliwa kabla ya hapo. Sasa nauliza, nilipe, au kuna aliyepinga akashinda? Na aliandika nini?

La pili, mama ameshikilia Ramadhani akafunge Tanga kwa mama mdogo. Nyayo zimemwiva nyekundu, anasema zinawaka moto, vidole vinambabuka, lakini kanikataza nisiwaambie hospitali, anaogopa watamkatia dawa. Nimechoka jamani.

Mzee wa Raskazone, Glasgow

Pole sana binti. Huku Scotland dawa za GP hazilipiwi tangu 2011, Wales wametutangulia tangu 2007. Ni nyie wa England tu mnaosumbuana na vyeti. Hamieni huku, baridi mtaizoea.

Mama Twaha, Reading

Mzee naye, mtu ana mgonjwa ndani unamwambia ahame mji! Binti, baba Twaha yalimkuta hayo hayo kwa ajili ya kisukari, kisukari cha vidonge nacho kiko kwenye FP92A, tena cheti kilikuwepo ila kilishaisha, ni miaka mitano mitano kile na hatukuangalia. Sisi tulilipa tukalala. Barua usiiweke juu ya friji ukaisahau, zikipita siku 28 wanaongeza hadi pauni 50 nyingine. Kwani usijaze HC1 wakakusamehe?

Kijana wa Usagara, Luton

HC1 ni ya kipato kidogo, Mama Twaha, haihusiani na saratani, msimchanganye. Halafu mama ana umri gani? Akishafika 60 England dawa ni bure kwa umri tu, hiyo faini haina miguu.

Binti Makorora, Leicester

Kwenye pasi ana 58. Mdogo wake wa Pangani ana 61.

Mama Twaha, Reading

Hahaha jamani! Na mimi kaka yangu mkubwa kwenye makaratasi namzidi miezi minne. Walivyokuwa wakituandikisha wale, mzee anaulizwa mtoto kazaliwa lini, anajibu mwaka ule mvua ilipong'oa minazi, karani anajiandikia anachotaka.

Mgosi wa Lushoto, Toronto

Nisikilizeni kwa ufupi. Ndugu yangu yuko kwenye vidonge vya saratani mwaka wa tatu huu, daktari alimkataza kabisa balungi, hata juisi yake, na danzi pia, lile chungwa chungu. Binti hakikisha mama akifika Tanga asiguse, na Muheza ile machungwa ni ya kumwaga. Ameze na chakula na maji bilauri kubwa.

Nesi wa Bombo, Birmingham

Mgosi, ndugu yako atakuwa yuko kwenye imatinibu, ya saratani ya damu. Balungi linaongeza dawa ile kwenye damu, ni kweli, na danzi ni hivyo hivyo. Kapesitabini haina ugomvi na balungi, na chungwa tamu la Muheza halina kesi kwenye yoyote kati ya hizo, muacheni mama wa watu ale machungwa yake. Hili ndilo linaloniudhi, mtu akisikia "vidonge vya saratani" anadhani ni kitu kimoja. Mjomba wangu Mikanjuni ana tezi dume, anameza abirateroni, ile ni tumbo tupu, ukila nayo inaingia mwilini nyingi kupita kiasi. Kapesitabini ni kinyume, unakula kwanza, ndani ya nusu saa unameza na maji. Ukimpa mmoja masharti ya mwenzake umemdhuru.

Sasa binti, faini iweke pembeni leo, hiyo miguu ndiyo iliyonifanya niandike. Kuwaka moto, wekundu na kubabuka viganja na nyayo ni dawa yenyewe, inajulikana, na daktari hatashangaa. Kama anashindwa kuvaa viatu au kufunga kifungo cha nguo, hiyo si ya kuvumilia. Mwanzoni walipompa dawa walimpa na kadi yenye namba ya simu ya saa 24. Piga. Mara nyingi wanamsimamisha siku kadhaa ngozi itulie, kisha wanamrudisha, pengine kwa kipimo kidogo zaidi, wala hiyo si kukatiwa tiba. Anayeficha ndiye anayeishia kulazwa na kemo yote ikasimama wiki nyingi. Mwambie hivyo, mwambie nimesema mimi, ananijua, nilimchoma sindano ya pepopunda wodini mimba ya kaka yako.

Na akome kulowesha miguu kwenye maji ya moto ya chumvi, najua analowesha, mama zetu wote ndiyo dawa yao. Maji ya uvuguvugu, krimu ipakwe taratibu bila kuchua, viatu laini visivyobana, soksi za pamba. Hina ya Idi aache, na piko, ile rangi nyeusi, ndiyo kabisa, ngozi ile imeshakuwa kama ya mtoto mchanga halafu unaibandika kemikali.

Ustadh Omari, Milton Keynes

Jazakillah kheri dada nesi. Upande wa funga jambo liko wazi, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, mgonjwa au msafiri atatimiza siku nyingine. Huyu mama ni mgonjwa na msafiri kwa pamoja. Akipona atalipa, na ikiwa ugonjwa hautarajiwi kuisha atatoa fidya kulisha maskini. Kujilazimisha hadi kujidhuru si ucha Mungu.

Mzee wa Raskazone, Glasgow

Ustadh sikupingi, ila kwa hesabu yangu dawa ni mara mbili kwa siku. Tanga magharibi ni saa kumi na mbili na nusu, anafuturu anameza, kisha daku anameza nyingine. Si inaingia vizuri tu?

Nesi wa Bombo, Birmingham

Kwa saa inaingia karibu karibu, mzee, kwa mwili haiingii. Dawa hii inaharisha. Mtu anayeharisha joto la Tanga mchana kutwa bila tone la maji, figo zinaanza kulalamika, na figo zikidhoofu dawa inabaki mwilini na kuzidi ukali. Hapo ndipo watu wanapokufa. Amuulize daktari wake kabla ya tiketi, asijipangie. Pengine safari yenyewe wataipanga iangukie ile wiki ya mapumziko, maana anameza wiki mbili anapumzika moja.

Na kuharisha kwenyewe kuna mpaka. Akienda mara nne au zaidi juu ya kawaida yake kwa siku, au usiku kumwamsha, anaacha vidonge na kupiga simu, hangoji kuambiwa. Vivyo hivyo vidonda vya mdomo vinavyomzuia kula. Akisahau dozi, imepita hiyo, asimeze mbili kufidia. Akitapika baada ya kumeza asirudie. Anatumia warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda? Kapesitabini na warfarini zinaweza kumtoa damu, lazima wajue. Na zile maltivitamini za kutumiwa kwenye mabegi, soma kopo kama kuna foliki asidi, inaongeza ukali wa dawa hii.

Binti Makorora, Leicester

Warfarini hapana. Maltivitamini... anameza, alitumiwa na wifi kutoka Dubai. Naenda kuzitoa sasa hivi. Dada, nimepiga ile namba. Wamesema asimeze ya jioni, kesho saa nne waone miguu. Mama kaninunia.

Mama Twaha, Reading

Atanuna, mwisho atacheka. Wa kwangu alininunia Shaaban nzima kwa sababu nilimnyima papa.

Kijana wa Usagara, Luton

Kuhusu safari, mimi nilisafiri na baba yangu na dawa za aina hiyo hiyo. Barua ya daktari yenye jina la dawa na namba ya simu ya hospitali, dawa kwenye begi la mkononi, ndani ya boksi lake lenye lebo, msizihamishie kwenye vile visanduku vya siku saba na dawa nyingine. Kama ndege inapitia Addis au Nairobi, angalia usikae uwanjani kupita saa 12, watataka kadi ya homa ya manjano, na chanjo ile ni hai, mtu wa kemo hachanjwi.

Nesi wa Bombo, Birmingham

Umesema vizuri kijana. Ongezea joto. Boksi linasema isizidi nyuzi 30, na Tanga Februari na Machi inapita hapo. Zisiachwe kwenye gari, zisikae dirishani, wala kwenye begi la chini ya basi kutoka Dar. Kidonge kisivunjwe wala kusagwa kwenye uji. Anayemshikia avae glavu, na kama kuna mwali mjamzito nyumbani huyo asishike kabisa. Vikibaki havitupwi chooni, virudi huku famasi ya hospitali.

Na la mwisho, hili nalikazia kwa sababu nimeliona kwa macho nikiwa hospitali ya Bombo, Tanga. Nyumbani mtu akipata homa, kila mlango atakaopita ni malaria. Jirani anasema malaria, duka la dawa wanampa dawa mseto, anaambiwa apumzike. Mtu wa kemo akipata nyuzi 38 hana muda huo. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa chembe nyeupe za damu zimeshuka na kuna maambukizi yanayoua kwa saa chache. Mama mdogo awe na kipimajoto, apime kabla ya panadoli, maana panadoli inaficha homa, na ikifika 38 ni Bombo usiku huo huo na ile barua mkononi, aseme mlangoni kabisa "huyu yuko kwenye kemo", wapime damu yote si malaria peke yake. Ocean Road, hospitali ya saratani, ni Dar, kilomita 350 hivi, usingoje basi la asubuhi.

Mgosi wa Lushoto, Toronto

Haya ndiyo yanayoniuma. Mji mzima wa Tanga, bandari, kiwanda cha saruji, bomba la mafuta linakuja kutoka Uganda, na mgonjwa wa saratani bado anapakiwa basi mpaka Dar. Na sisi tunaoweza kuchangia tukiingia kwetu tumelipa viza kama watalii miaka yote. Uraia pacha tumeimba tangu nikiwa na nywele.

Mzee wa Raskazone, Glasgow

Uraia pacha hautaleta mashine ya mionzi Tanga, mgosi. Ungekuwa na uraia wa mbinguni bado ungelalamika. Hata timu yetu ya Coastal mnailalamikia, mchango wa jezi hamkutoa.

Mgosi wa Lushoto, Toronto

Mimi nilitoa! Mweka hazina ajitokeze hapa.

Ustadh Omari, Milton Keynes

Tumuombee mama shifaa jamani, ya Coastal yana siku yake.

Binti Makorora, Leicester

Aamin. Mrejesho: wameona miguu, wamesema amechelewa kusema lakini si mbaya sana. Vidonge vimesimama mpaka ngozi itulie, mzunguko ujao kipimo kinapungua, na daktari kasema funga hapana, Tanga inshaallah baada ya Idi, wiki ya mapumziko. Mama alilia ndani ya gari. Halafu akaniambia basi nimpitishe akanunue muhogo na nazi, nikajua hajambo. Dada nesi kakusalimia, anasema sindano ile bado inamuuma.

Ila ile faini nayo jamani, mbona hakuna aliyenijibu? Kuna aliyepinga?

Mama Twaha, Reading

Sisi tulilipa, nilishasema.

Kijana wa Usagara, Luton

Piga simu namba iliyo kwenye barua, waeleze cheti kimetoka. Mimi sijui zaidi ya hapo.

Mzee wa Raskazone, Glasgow

Huku Scotland...

Mama Twaha, Reading

Mzee!! Basi. Na kwa kuwa tuko hapa hapa, kuna anayepanda ndege kabla ya mfungo? Nina kilo tatu za kupeleka Tanga, Ngamiani barabara ya nane, ni nguo za watoto na tende tu, mzigo hausumbui. Anijibu kwa pembeni, si hapa.