Kutabiri mechi za shule za upili ngazi ya kaunti: mbona sare zinaniponza?

KalamuYaKando

Habari wadau. Wiki ijayo ni mashindano ya kaunti, soka ya wavulana, shule za upili, muhula wa pili. Timu 8, makundi mawili ya timu nne nne, uwanja mmoja. Raundi mbili za kwanza zinapigwa Jumatatu, asubuhi na alasiri. Ya tatu ni Jumanne, nusu fainali Jumatano, kisha mechi ya nafasi ya tatu na fainali Alhamisi. Jumla ni mechi 16. Za makundi ni dakika 25 kila kipindi.

Ninaandaa uchambuzi na utabiri wa kila mechi kwa ukurasa wa mashabiki. Kwenye kaunti ndogo nilitabiri mechi 12 za makundi nikapatia 5. Kati ya 7 nilizokosa, 5 ziliisha sare. Huwa natazama matokeo ya nyuma, idadi ya mabao na historia ya shule. Nakosea wapi? Na uchambuzi wa mechi moja uwe na nini hasa, ili msomaji asione nimejaza maneno tu?

DaftariLaMabao

Ndugu, 5 kati ya 12 si aibu unavyodhani. Kosa lako liko kwenye saa: unatabiri mechi ya dakika 50 kwa akili ya mechi ya dakika 90.

Chukua timu kali ambayo kwa dakika 90 ungetarajia ifunge wastani wa mabao 1.8, mpinzani wake 0.9. Pitisha namba hizo kwenye fomula ya Poisson, inayogeuza wastani wa mabao kuwa uwezekano wa kila idadi ya mabao: timu kali inashinda asilimia 59, sare 23, inapoteza 18. Sasa fupisha mechi hiyo hiyo iwe dakika 50. Mabao ya kutarajiwa yanashuka hadi 1.0 kwa 0.5. Timu kali inashinda 47, sare 35, inapoteza 18. Umeona? Mnyonge hajaongeza nafasi ya kushinda hata chembe, ila mkubwa amenyimwa muda wa kumaliza kazi. Kwa timu zinazolingana, 1.35 kwa 1.35 kwa dakika 90, sare inapanda kutoka 26 hadi 37.

Lakini usiruke sasa uanze kutabiri sare kila mahali. 47 bado inaizidi 35. Sare inakuwa chaguo la kwanza pale tu timu zinapokaribiana sana. Kwa hiyo hata mtu anayechagua vizuri ataambulia karibu nusu kwenye makundi ya dakika 50.

Namna ya kupata namba zenyewe:

1. Tafuta wastani wa mabao kwa timu kwa mechi, kwenye mechi za urefu ule ule. Tuseme ni 0.9. Kama kaunti ndogo nyingine zilicheza dakika 60, zidisha mabao yao kwa 50, gawanya kwa 60.
2. Ushindi wa 6-0 uandike kama 4-0. Mabao ya tano na sita hufungwa dhidi ya timu iliyokwisha kukata tamaa, hayakuambii lolote kuhusu wiki ijayo.
3. Kila timu iongezee mechi nne za kubuni zenye wastani ule ule. Timu iliyofunga 7 katika mechi 3 si timu ya mabao 2.33. Hesabu ni (7 + 4 × 0.9) ÷ 7, yaani 1.51. Mechi tatu ni chache mno kuziamini peke yake, na hapa ndipo wengi hudanganyika.
4. Gawanya kwa wastani: 1.51 ÷ 0.9 = 1.68. Hiyo ndiyo nguvu ya ushambulizi. Fanya vivyo hivyo kwa mabao ambayo mpinzani amefungwa. Akiwa amefungwa 2 katika 3, ni (2 + 3.6) ÷ 7 = 0.8, na ukigawa kwa 0.9 unapata 0.89.
5. Zidisha: 0.9 × 1.68 × 0.89 = 1.35. Hayo ndiyo mabao ya kutarajiwa. Rudia kwa upande wa pili.

Kwenye Excel andika =POISSON.DIST(1,1.35,FALSE) upate nafasi ya kufunga bao moja kamili. Kwa 1.35 utapata: bila bao asilimia 26, bao moja 35, mawili 24, matatu 11. Tengeneza jedwali la 0 hadi 5 kwa kila timu, zidisha kila nafasi ya timu moja kwa kila nafasi ya nyingine, kisha jumlisha visanduku vya ushindi, sare na kupoteza.

Usijipime kwa "nimepatia ngapi". Chapisha asilimia tatu, halafu kwa kila mechi chukua tofauti kati ya ulichosema (47 iandike 0.47) na kilichotokea (tokeo lililotokea ni 1, mengine mawili ni 0), ziweke kipeo cha pili, ujumlishe. Ukisema 47/35/18 na timu kali ishinde, unapata 0.44. Ikiwa sare, 0.68. Anayegawa thelathini na tatu thelathini na tatu bila kufikiri hupata 0.67 siku zote, kwa hiyo wastani wako wa wiki lazima uwe chini ya hapo. Aliyesema 90/5/5 halafu ikawa sare anapata 1.72. Alama hiyo moja inaweza kuharibu wiki nzima.

ChakiNaFilimbi

Hesabu ni nzuri, lakini zinadhani timu iliyocheza mwezi jana ndiyo itakayocheza Jumatatu. Soka ya shule haiko hivyo.

Anza na madarasa. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, ya mwisho ilikuwa 2023. Waliofanya huo mtihani waliingia Kidato cha Kwanza 2024, leo wako Kidato cha Tatu. Mwaka 2025 hakuna aliyeingia Kidato cha Kwanza. Januari 2026 ikaja Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya. Kwa hiyo mwaka huu uwanjani kuna Kidato cha Nne, Kidato cha Tatu na Gredi ya 10, basi. Hawa wa Gredi ya 10 kwa umri ni kama Kidato cha Pili cha zamani, ila hawajakaa na wenzao zaidi ya muhula mmoja na kitu. Shule iliyozoea kujaza ulinzi na vijana waliokua pamoja tangu Kidato cha Kwanza ina pengo la kundi zima. Omba orodha ya wachezaji uhesabu wangapi wa Kidato cha Nne wanaanza. Wakiwa 8 au 9, timu imekomaa lakini benchi ni jepesi.

Na benchi ndilo litakaloamua Jumatatu. Tazama ratiba kwa saa, usiishie kwenye majina ya timu. Uwanja mmoja, mechi nne asubuhi: dakika 50 za mchezo, 10 za mapumziko, 10 za kupisha timu nyingine. Ukianza saa 2:00, mechi zinaanza 2:00, 3:10, 4:20 na 5:30. Ya mwisho inaisha saa 6:30. Alasiri zikianza saa 7:30, timu iliyocheza ya mwisho asubuhi na kupangwa ya kwanza alasiri imepumzika saa moja tu, na ndani ya saa hiyo inatakiwa kula. Iliyomaliza saa 3:00 na kurudi saa 8:40 imepumzika saa tano na dakika arobaini. Kwa kikosi kinachotegemea kumi na mmoja wale wale, tofauti hiyo naithamini kuliko rekodi yao yote ya mwaka.

Halafu kula chenyewe. Shule iliyopika ugali na maharagwe saa saba kasoro, ikaingia uwanjani saa saba na nusu, utaiona ikitembea kipindi cha pili. Zenye mwalimu mjanja hutoa uji na ndizi, chakula kizito kinasubiri jioni.

Kadi nazo. Nyekundu ya asubuhi inaondoa mchezaji kwenye mechi ya alasiri siku hiyo hiyo, hakuna wiki ya kupanga upya. Kama ni beki wa kati, punguza imani yako kwa timu hiyo kabla hujachapisha utabiri wa alasiri. Yaani usichapishe mechi zote za Jumatatu Jumapili usiku. Toa za asubuhi, kisha za alasiri toa saa saba.

KalamuYaKando

Hilo la saa sikuwahi kulifikiria kabisa. Asante, mwalimu. Je, siku yenyewe asubuhi, kabla ya filimbi, nitazame nini pale uwanjani?

KonaYaKushoto

Kipa kwanza. Goli ni lile lile la wakubwa, mita 7.32 kwa 2.44, na anayelilinda huenda ana miaka kumi na sita. Wakati wa kupasha, tazama akipigiwa mipira ya juu kutoka pembeni. Akiipangua kwa ngumi yote, au akibaki kwenye mstari huku mikono chini, basi kona na mirusho mirefu itakuwa na bei siku hiyo. Ona pia nani anampigia. Kama hakuna anayempa mipira ya juu hata mmoja, huenda kocha wake analijua tatizo na analificha.

Pili, uliza nani anarusha mrefu. Kijana anayefikisha mpira kwenye boksi la kipa kwa mikono ni sawa na kuwa na kona kumi za ziada. Katika mechi ya dakika 50 iliyobanana, bao moja la namna hiyo linatosha.

Tatu, uwanja. Tembea kutoka goli hadi goli kabla ya saa mbili. Viwanja vingi vya shule vina mteremko. Sogea karibu na kibendera cha kona uchuchumae, macho yawe usawa wa nyasi: ukiona nusu tu ya nguzo za goli la mbali, ujue katikati ya uwanja kuna mwinuko. Nyasi ndefu zinaua pasi za chini, timu ya pasi fupi inalazimika kubutua. Mashindano yakiwa Kakamega au popote huko magharibi, mvua hupenda kushuka alasiri. Raundi ya asubuhi ni soka, ya alasiri ni matope. Kwenye matope sogeza mabao ya kutarajiwa chini kidogo kwa timu zote mbili, ila kwa yule mwenye mirusho mirefu acha yalivyo.

Mvua ikisimamisha mechi kwa dakika 40, ratiba ya mwalimu hapo juu inayoishia saa kumi na mbili jioni inaingia gizani, na mechi ya mwisho inaweza kuhamia Jumanne asubuhi. Ikiwa hivyo, timu hizo mbili zitacheza mara mbili Jumanne.

Na jina la shule liache nyumbani. Shule ya Kakamega, ile Green Commandos, na Musingu ni vigogo wa soka ya shule, na zote ni za kaunti moja, zinaweza kukutana kabla ya ngazi ya kanda na moja ikabanduliwa mapema. Anayetabiri kwa jina hapo atachagua nini?

BenchiLaAkiba

Ninapingana kidogo na DaftariLaMabao. Fomula yake inafaa raundi mbili za kwanza. Jumanne ni siku nyingine, kila timu inajua inachohitaji.

Mfano: A ina pointi 6, B ina 3, C ina 3, D haina kitu. Raundi ya tatu ni A dhidi ya B, C dhidi ya D. A ikitoka sare ni kinara, hakuna wa kuifikia. Itapumzisha nusu ya kikosi kwa ajili ya Jumatano? Inategemea nani anakuja kutoka kundi la pili, na kama mechi za mwisho zinachezwa wakati mmoja. Kwa uwanja mmoja haziwezi, kwa hiyo wanaocheza baadaye wanaingia wakijua matokeo ya wenzao. Hakikisha unajua mechi ipi inatangulia. C ikiwa imeshinda tayari, B sare haiisaidii, lazima ifunguke na ishinde.

Halafu soma kanuni: timu zikilingana pointi, inaangaliwa kwanza mechi yao wenyewe au tofauti ya mabao? Hutofautiana kutoka mashindano hadi mashindano, na jibu linageuza namna timu inavyocheza dakika kumi za mwisho.

DaftariLaMabao

Nakubali, Benchi. Jumanne namba zangu ni pa kuanzia tu. Kwa timu inayotosheka na sare mimi huongeza sare kwa pointi 5 hadi 8 za asilimia, sizidi hapo. Timu za vijana haziwezi kulinda matokeo jinsi makocha wao wanavyopanga.

ChakiNaFilimbi

Kuhusu uandishi. Maneno 70 hadi 100 kwa mechi yanatosha. Weka saa, hali ya kundi, mapumziko ya kila timu, jambo moja la uwanjani, asilimia, na matokeo. Hivi:

"Kundi B, Jumatatu saa 8:40 alasiri. Wenyeji wamepumzika tangu saa tatu asubuhi. Wageni walimaliza saa 6:30. Asubuhi wageni walimpoteza beki wa kati kwa kadi nyekundu, na nambari 5 aliyeshuka kuziba si mrefu. Wenyeji wana nambari 2 anayerusha mpira hadi boksi la kipa, na nyasi upande wa mashariki zimelowa. Wageni bado ndio wenye winga wa kasi zaidi kundini, wakipata nafasi kipindi cha kwanza kabla miguu haijachoka mechi inageuka. Wenyeji 44, sare 35, wageni 21. Tunasema 1-0."

Tumia nambari za jezi, si majina kamili. Hawa ni wanafunzi, wengi ni watoto kisheria, na aliyefungisha bao hahitaji kusakwa mtandaoni. Asilimia pia usizigeuze kuwa mtindo wa kamari. Mwalimu mkuu akiona hivyo hatakupa tena orodha ya wachezaji, na ni haki yake.

BenchiLaAkiba

Moja la mwisho, Kalamu. Jedwali la Jumatatu jioni liandike "kabla ya rufaa". Timu ikithibitika ilichezesha mamluki, yaani wachezaji wasioruhusiwa kuichezea shule hiyo, matokeo yanaweza kufutwa usiku, na asubuhi ukaamkia kundi jipya. Piga simu kwa katibu wa mashindano kabla hujachapisha utabiri wa Jumanne.